Barua kwa mwanangu: Uliniuliza kama tulijua

Njombe, Juni 2025

Mwanangu,

Kamwene. Huku sisi wazima, baridi tu ndiyo imetukamata. Leo alfajiri majani ya viazi yalikuwa meupe kwa barafu, na mimi nimekaa jikoni karibu na moto kukuandikia.

Mwezi wa kumi na moja mwaka jana ulinitumia sauti kwenye simu ukiwa umetoka zamu ya usiku. Ulisema umesikia redioni kwamba Askofu Mkuu wa Canterbury, kiongozi wa Waanglikana, Justin Welby, anajiuzulu kwa sababu ya mtu mmoja aliyewatesa wavulana miaka mingi huku wakubwa wa kanisa wakijua. Halafu ukauliza: "Baba, yule msimamizi wa kituo cha kulea watoto cha kanisa pale kwetu, aliyehama tukiwa darasa la nne. Mlijua?" Ukaongeza kwamba nisikupigie, nikuandikie, maana nikipiga nitauliza habari za wajukuu mpaka salio liishe. Unanifahamu.

Nimekaa na swali lako miezi saba. Jibu ni ndiyo, tulijua. Na mimi nilijua mapema kuliko wengi, kwa sababu ndiye niliyekuwa katibu wa kamati ya kituo.

Unamkumbuka yule mama mpishi wa kituo aliyekuwa akiwagawia nyie watoto wa jirani ukoko wa ugali? Alikuja nyumbani usiku, mwezi wa tano mwaka 1999. Hakutaka kuketi. Alisema kuna mvulana wa miaka kumi na mmoja, mtoto wa Makete, wazazi wote wawili walishaondoka kwa ukimwi, amekataa kulala bwenini. Anaomba alale jikoni, kwenye joto la mafiga. Mpishi alimuuliza sababu na mtoto akamwambia. Sitaandika alichoambiwa. Yule mama alikisema mara moja tu, kwa sauti ya chini, akiangalia mlango, na mimi sikumwomba arudie.

Mama yako, Mungu amrehemu, alikuwa pale anachambua maharage. Mgeni alipoondoka aliniuliza, "Na leo huyo mtoto analala wapi?" Nikamjibu kwamba kesho nitalifikisha kwenye kamati. Akasema, "Nimeuliza leo."

Sikwenda. Kituo kilikuwa mwendo wa dakika kumi kwa miguu.

Kamati ilikaa siku nne baadaye. Tulikuwa watu saba, karibu nusu yetu wazee wa kanisa, na mchungaji ndiye mwenyekiti. Na hili ndilo ninalotaka ulijue kuliko mengine yote: hakuna hata mmoja wetu aliyesema mtoto anadanganya. Ningekuwa na nafuu leo kama tungebishana. Tulimwamini mtoto, kisha tukaanza kuzungumzia wafadhili.

Unajua hali ya miaka ile. Hata leo mkoa wetu ndio unaoongoza nchini kwa maambukizi ya virusi vya ukimwi, asilimia 12.7 kwa utafiti wa 2022-23. Wakati ule dawa za kufubaza virusi hazikuwepo huku, na kila wiki tulikuwa makaburini. Kituo kilikuwa na watoto thelathini na wanane. Unga, sweta, ada, vyote vilitoka kwa marafiki wa kanisa ng'ambo, ambao kila mwaka walitaka picha za watoto wanaocheka. Mjumbe mmoja akauliza tutawalisha nini hao thelathini na saba wengine habari ikivuka bahari. Swali hilo lilitufunga midomo, na nakiri lilinifariji pia, maana lilinipa sababu inayosikika kama huruma. Mwingine akasema madhehebu jirani watatucheka. Mwingine akatamka lile neno la Biblia, "Msiguse masihi wangu", ingawa yule bwana hakuwa hata mchungaji, alikuwa mtunza stoo aliyepandishwa cheo. Mchungaji alilia, machozi ya kweli. Tukakubaliana kufunga na kuomba siku tatu, na kwamba jambo lenyewe tulimalize kifamilia.

Kulimaliza kulikuwa kazi, na kazi ya kuandika ilikuwa yangu. Kwenye daftari la mihtasari niliandika: "Ndugu msimamizi ameondolewa majukumu kwa sababu za kiafya." Neno "kiafya" nililichagua mimi. Nilikaa nalo kama nusu saa, nikijaribu mengine. Kisha nikapiga kwa taipureta barua ya kumtambulisha huko aendako, nikaandika kwamba ametumika kwa uaminifu na anawapenda watoto. Siku hiyohiyo, kwa taipureta hiyohiyo, nikapiga barua ya kumwachisha kazi mpishi, "ili kupunguza matumizi." Alikuwa ameanza kulisema kisimani, na alikuwa na watoto wanne.

Wahenga walisema funika kombe mwanaharamu apite. Wetu hakupita, alipanda basi kwenda mkoa mwingine, kwenye kituo kingine, na barua yangu mfukoni. Baada ya miaka miwili alikuja mtu kutoka huko, akanivuta pembeni baada ya ibada, akauliza kwa adabu sana: "Mwalimu, huyu mliyetuletea, kwenu aliondokaje?" Nikamwambia asome barua.

Habari ya huyo John Smyth uliyoisikia nimeitafuta na kuisoma, mdogo wako alinichapishia pale stendi. Alikuwa mwanasheria mkubwa Uingereza, akiongoza kambi za Kikristo za wavulana wa shule za watu wenye nacho. Mwaka 1982 viongozi wa kambi waliandikiwa ripoti ya siri juu ya viboko na udhalilishaji aliowafanyia wavulana hao. Polisi hawakuambiwa. Mwaka 1984 akahamia Zimbabwe, akafungua kambi nyingine, na mwaka 1992 mvulana wa miaka 16 alikutwa amekufa kwenye bwawa la kuogelea la kambi hiyo. Kesi ilifunguliwa, ikafa. Akaenda Afrika Kusini, akafia Cape Town mwaka 2018 bila hukumu yoyote. Ripoti iliyomwangusha Askofu Mkuu inahesabu zaidi ya wavulana mia moja. Nilipofika kwenye ule mwaka wa 1984 niliweka karatasi chini. Wenzetu waliona wakimtoa kwao tatizo limekwisha, na watoto wa huku Afrika hawakuwa kwenye hesabu yao. Na mimi sikuwa nimewahesabu watoto wa mkoa ule mwingine.

Utaniuliza serikali ilikuwa wapi. Ilikuwepo. Afisa ustawi alikuja mara moja kwa mwaka, na taarifa ilitangulia wiki mbili. Sweta zilitoka stoo, kuku wakachinjwa, watoto wakapanga mistari wakaimba. Yeye akala, akasaini kitabu cha wageni, akapewa gunia la viazi. Kesho yake sweta zikarudi stoo. Hajapata kukaa na mtoto mmoja peke yake, na sisi hatukumpa nafasi hiyo. Mwaka 2009 huko Ireland tume iliyofanya kazi miaka tisa ilitoa ripoti juu ya shule na makao ya watoto yaliyoendeshwa na mashirika ya kitawa, na ilieleza jinsi wizara ya elimu ilivyokuwa ikinyenyekea mbele ya watawa badala ya kuwakagua. Ile aibu ya mkaguzi mbele ya kanzu na msalaba naijua, nimeiona ikila kuku mezani petu.

Jambo jingine sikulifahamu mpaka nilipozeeka. Kanuni za kituo niliziandika mimi: mwanamume haruhusiwi kuingia bweni la wasichana baada ya saa kumi na mbili jioni. La wavulana halikuwa na kanuni yoyote. Haikutujia akilini kabisa. Utafiti wa kitaifa uliofanyika 2009 uliwauliza vijana wenyewe, na karibu wasichana 3 kati ya 10 na mvulana 1 kati ya 7 walisema walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya miaka 18. Mmoja kati ya saba. Kituo chetu kilikuwa na wavulana ishirini na mmoja.

Wala sitajificha nyuma ya kutojua sheria. Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ilipitishwa 1998, mwaka mmoja kabla ya kikao chetu, ikaweka kifungo cha miaka 30 na kuendelea kwa ubakaji na ulawiti. Tulizungumza habari zake shuleni, wazazi walifurahi sana. Siku hizi Sheria ya Mtoto ya 2009 inamtaka mtu yeyote katika jamii mwenye taarifa kwamba haki ya mtoto inavunjwa aifikishe serikali za mitaa, kuna Dawati la Jinsia na Watoto polisi, kuna namba 116 ya bure. Sisi hatukuwa na namba. Tulikuwa na kituo cha polisi, kilomita sita.

Sasa nikueleze kilichonifanya nishindwe kukujibu haraka. Mwaka 2016 yule mvulana alirudi. Mtu mzima, fundi pikipiki Makambako, mikono ina grisi. Alikuwa akihangaikia cheti cha kuzaliwa apate kitambulisho cha NIDA, akaelekezwa kwangu kwa sababu daftari za zamani ninazo mimi. Nikamfungulia ile orodha ya walioingia. Kurasa zilikuwa zimeshikana kwa unyevu, na tukiwa tunazibandua ule muhtasari ukafunguka mbele yetu. Aliusoma. Mwandiko wangu unasomeka, ndiyo sifa yangu. Akakaa kimya kidogo, kisha akaniuliza bila hasira, kama anavyouliza mtu aliyepotea njia:

"Mwalimu, yule alikuwa anaumwa nini?"

Sikumjibu. Alinakili tarehe aliyoitaka, akanishukuru, akawasha pikipiki yake.

Mwezi uliopita nilimfuata Makambako. Nilimwambia nataka kulipeleka daftari polisi, kwa kuwa yule mtu yu hai, amestaafu, na mtaani kwake bado anaitwa baba mlezi. Lakini jambo ni la huyu kijana kabla ya kuwa langu, kwa hiyo nikauliza kwanza. Aliendelea kufunga nati muda mrefu. Akasema, "Peleka daftari lako. Jina langu lifunike." Nimelifunika kila ukurasa.

Kwa mpishi pia nimefika. Yuko kwa binti yake, macho hayaoni vizuri. Aliniacha nisimame mlangoni mpaka nimalize kusema, halafu akauliza kama nimekuja na barua ya kumrudisha kazini. Binti yake akacheka. Mimi sikujua nicheke au nifanye nini. Amekubali kwenda kueleza alichosikia, ila baada ya mahindi kuvunwa, na hataki nimlipie nauli.

Mchungaji alishafariki. Waliobaki kwenye ile kamati ni wawili pamoja nami, na mwenzangu amenipigia mara tatu kuniomba tusubiri sinodi ya kanisa ipite.

Nimeitia humu nakala ya ule ukurasa. Usome mwenyewe. Mwandiko utautambua, ni uleule uliosaini ripoti zako za shule.

Baba yako