Tuseme kizimuo

Swali lenu la wiki hii: kitu kinachotiwa ndani ya kingine ili kupunguza ukali wake kinaitwaje kwa Kiswahili, na kwenu mnakiitaje? Mimi ni muuguzi katika kituo cha afya mkoani Lindi, upande wa Nachingwea. Swali hili niliwahi kuulizwa usiku wa masika na bibi aliyempakata mjukuu wake mwenye malaria kali.

Saa tatu usiku. Mtoto kilo kumi, macho yamelegea, degedege limempata njiani juu ya bodaboda. Nikatoa kichupa cha artesuneti, dawa ya sindano ya malaria kali, miligramu 60 za unga mweupe. Nikatia mililita moja ya kimiminika cha bikaboneti, nikatikisa mpaka ule ukungu ukaondoka na dawa ikawa angavu. Kisha nikavuta maji ya chumvi mililita tano, nikayaongeza humo humo. Bibi alikuwa akifuatilia kila kitu.

"Mwanangu nesi," akasema kwa sauti ya chini, "dawa ya mjukuu wangu unaitia maji?"

Swali lile liliniuma, maana nilijua linatoka wapi. Bibi ameshauziwa maziwa yenye maji. Ameziona enzi zile mafuta ya taa yanachanganywa kwenye dizeli, mpaka mwaka 2011 serikali ikayapandishia ushuru ili kukomesha mchezo huo. Nchi nzima tulijifunza neno kuchakachua miaka ile. Uchaguzi wa 2010 ukalitoa kwenye vituo vya mafuta ukalipeleka kwenye kura. Mtu akiona kimiminika kinaongezwa kwenye kitu cha thamani, neno hilo ndilo linalomjia kwanza.

Nikamjibu kama tunavyosema kazini, kwa neno lililotoholewa kutoka Kiingereza: "Bibi, hii ni dailuenti." Hakuelewa, na hakuwa na sababu ya kuelewa. Nikajaribu tena.

"Bibi, maji ya kumwogesha huyu yakichemka sana unafanyaje?"

"Nayazimua."

"Basi na mimi naizimua dawa."

Akanyamaza, akaushika mguu wa mtoto ili usicheze, nikachoma.

Kwa hiyo jibu langu ni kwamba kitenzi tunacho, tena cha nyumbani: kuzimua. Jina lake liwe kizimuo. Kiswahili kimeshatuonyesha njia, kwa kuwa kutoka zibua tumepata kizibuo cha kufungulia chupa. Mwenzangu mmoja analipinga, anasema watu watakumbuka kuzimua kwa walevi, yule anayeamka na kichwa kizito akatafuta glasi nyingine. Sikubaliani naye. Hatuwezi kuwaachia walevi neno ambalo kila mama analitumia kwenye beseni.

Ila mfano wa maji ya moto una upungufu, na ningependa kuusema kwa sababu ndio unaoleta hofu. Maji ya moto ukiyazimua, moto unapungua kweli. Dawa haipungui. Kijiko kimoja cha sukari ukikikoroga kwenye nusu kikombe au kikombe kizima, ukimaliza kunywa umekula kijiko kile kile. Mtoto yule alihitaji miligramu 30. Kwa kuwa nilimchoma kwenye mshipa, nilizimua kwa mililita tano, na ile moja ya bikaboneti zikawa sita, nikampa mililita tatu. Ningemchoma kwenye msuli ningezimua kwa mililita mbili tu, jumla zingekuwa tatu, na angepata mililita moja na nusu. Miligramu ni 30 kote kuwili. Anayechakachua anakuuzia kilichopungua huku akikuficha. Mimi nahesabu mbele yako.

Halafu kuna jambo ambalo neno dailuenti linalifunika. Ile bikaboneti ya kwanza haikuzimua kitu, iliyeyusha unga. Hiyo ni kiyeyushi. Maji ya chumvi yaliyofuata ndiyo kizimuo. Chanjo ya surua vilevile: ni unga unaokuja na kimiminika chake, wote tunakiita dailuenti, lakini kazi yake ni kuyeyusha. Tofauti hii ina uzito. Artesuneti haichanganywi na maji ya sindano, hata kama ndiyo yaliyo karibu na mkono. Chanjo nayo haiyeyushwi kwa kimiminika cha aina nyingine, wala cha kiwanda kingine. Kijana aliyetoka chuoni jana, amechoka, taa imekatika, akiambiwa tu "lete dailuenti," ataleta ipi?

Mafundi rangi wana thina, na sitaki kuwanyang'anya. Wapishi hawahitaji hata jina; wanasema ongeza tui jepesi na mchuzi unakuwa sawa. Kwetu ndiko jina linakotakiwa, kwa sababu kimiminika kinaingia mwilini mwa mtu huku ndugu zake wakitazama.

Saa tatu asubuhi, saa kumi na mbili baada ya sindano ya kwanza, bibi ndiye aliyenifuata mezani. "Mwanangu, muda wa kuzimua umefika." Mtoto alikuwa ameomba uji.

Wiki ile nikachukua plasta na kalamu. Boksi la bikaboneti nikaliandika KIYEYUSHI, na la maji ya chumvi nikaliandika KIZIMUO. Plasta zimeshabadilishwa mara mbili kwa kuchakaa, na mara ya pili si mimi niliyeziandika.