Humilitas ya Warumi: udhalili au unyenyekevu?

Msomaji anatafsiri somo la historia, kuanzia Warumi wa kale mpaka mwanzo wa Zama za Kati, anauliza: "Humilitas nimeandika unyenyekevu mwanzo mpaka mwisho, mwenzangu kakataa. Na virtus je, niweke fadhila, maadili au murua?"

Mwenzako ana haki, ila nusu tu. Humilitas ni Kilatini, lugha ya Warumi, ina undugu na humus, yaani udongo, na enzi za Cicero, mwanasiasa na msemaji wa Roma karne ya 1 kabla ya Kristo, ukimwita mtu humilis umeshamwambia yuko chini, hana ukoo wala jina, hiyo si sifa hata kidogo. Hapo weka udhalili au unyonge, maana ukiandika "Warumi walidharau unyenyekevu" msomaji atadhani walichukia watu wapole, kumbe walichokidharau ni hali ya chini.

Ila ukifika kwa Augustine, askofu na mwandishi Mkristo aliyefariki mwaka 430, neno ni lilelile lakini sasa ndo sifa ya kutafutwa, na Benedict karne ya 6 kwenye Kanuni yake, kitabu cha taratibu za watawa, kalipa sura nzima ya 7, ngazi 12 za kupanda kwa kujishusha. Hapo unyenyekevu unakaa vizuri kabisa. Na mwaka 390 kaizari Theodosius, baada ya watu kuuawa kwa wingi Thessaloniki, akatubu hadharani kanisani Milan kwa shinikizo la askofu Ambrose, akavua mavazi ya kifalme na kulia mbele ya watu. Mrumi wa zamani angesema kaizari kadhalilika, Ambrose yeye akamsifia kwa kunyenyekea, yaani tendo moja, maneno mawili, na kazi ya mtafsiri iko hapo.

Virtus inatoka kwa vir, mwanaume. Kwa Warumi wa mwanzo andika ushujaa, kwa Wakristo andika fadhila, Wakatoliki wameshaizoea wakisema fadhila za imani, matumaini na mapendo. Tahadhari tu, mtaani fadhila ni wema uliotendewa, ndo maana tunasema fadhila za punda mashuzi, kwa hiyo mara ya kwanza ongeza "fadhila za kimaadili" mtu asipotee.

Murua achana nayo, japo umenifurahisha sana kuitaja, kwa sababu imepita njia ileile: Kiarabu muruwwa, inayotokana na neno la mwanaume, kwa Waarabu kabla ya Uislamu ilikuwa ushujaa, ukarimu na uvumilivu, huku kwetu ikafika ikiwa adabu njema, siku hizi hata pilau ni murua. Ukiandika "murua wa Warumi" watu watacheka.

Maadili iache kwa kichwa cha habari, ni jina la jumla. Ila umeandika "maadili ilibadilika", rekebisha: maadili yalibadilika.