Maji ya ziwa, nipime mwenyewe?

SWALI: Wanangu wanaogelea Ziwa Victoria hapa Mwanza kila wikendi, naweza kupima maji mwenyewe? Mama Wawili

JIBU: Unaweza dada, tafuta kipimo cha bakteria wa E. koli (wanaotoka kwenye kinyesi), chukua chupa iliyochemshwa, ingia maji ya kiunoni uchote kama sentimita 30 chini, weka kwenye barafu, pima ndani ya masaa 6 kwa kufuata maelezo ya kipimo. Marekani wanataka wastani wa bakteria hao usizidi 126 kwa mililita 100 za maji. Pima na baada ya mvua, hapo ndo uchafu wote wa mitaro unashuka.

Ila kichocho hakionekani kwenye kipimo hicho! Kichocho kinatoka kwa konokono, wanapenda sana kwenye majani ya majini, so watoto wakae mbali nayo, wakapimwe hospitali pia.