Soma faili kwa tarehe zake: kwa mnaoanza ukaguzi wa ndani serikalini

Mkaguzi mgeni akikabidhiwa faili la manunuzi huanza kutafuta karatasi iliyokosekana. Faili la mla rushwa mzoefu halikosi karatasi. Ombi la idara limo, nukuu tatu za bei zimo, muhtasari wa kikao cha kamati ya manunuzi, oda ya kununua, hati ya kupokelea mali, ankara na vocha ya malipo, zote na mihuri yake. Kwa hiyo usiishie kuuliza kama karatasi ipo. Uliza iliandikwa lini, na nani.

Chukua ukurasa mtupu, uorodheshe tarehe za nyaraka hizo kuanzia ombi hadi malipo. Ankara ikiitangulia oda, huenda mzabuni alishachaguliwa na karatasi zikatengenezwa baadaye. Mjumbe wa kamati ametia saini siku ambayo rejesta ya likizo inasema hakuwepo? Weka nakala ya rejesta hiyo pamoja na muhtasari.

Halafu zilaze nukuu tatu mezani kwa pamoja. Wazabuni wanaoshindana kweli, huyu atakuwa ghali kwenye karatasi na nafuu kwenye wino, yule kinyume chake. Ukikuta kila bidhaa ya aliyeshindwa imezidi ya mshindi kwa asilimia 5 kamili, na neno lilelile limekosewa herufi kwenye nukuu zote, yaelekea mtu mmoja ndiye aliyeziandika. Tazama pia namba za ankara. Aliyeleta ankara 014 Januari, 015 Februari na 016 Machi yaelekea hana mteja mwingine ila ofisi yenu. Hilo peke yake si kosa, ila linatosha kukupeleka kwenye usajili wa kampuni kuwajua wamiliki wake.

Malipo yapange kwa mzabuni na kwa kiasi. Kama kikomo cha kununua bila kutangaza zabuni ni 1,000,000, malipo matatu ya 980,000 ndani ya wiki mbili yanaashiria kuwa huenda manunuzi yamegawanywa makusudi ili kukikwepa kikomo hicho.

Stoo nenda mwenyewe, bila taarifa. Yaliyopokelewa ukitoa yaliyotolewa yalingane na yaliyo kwenye rafu. Fungua maboksi, boksi lililofungwa halijahesabiwa.

Kesi nyingi huharibikia kwenye ushahidi, na inauma kuona kazi ya miezi ikipotea hivyo. Usiandike chochote juu ya nakala halisi, usiipeleke nyumbani, usimhoji mtuhumiwa kabla nyaraka hazijahifadhiwa. Andika nani alikupa, wapi, tarehe na saa, naye atie saini. Katika ripoti andika "ankara inaitangulia oda kwa siku 9", usiandike "ameiba". Na uliza maelezo: manunuzi ya dharura huweza kuwa na kibali halali kilichochelewa kuwekwa faili, na mtumishi asiye na hatia asichafuliwe jina kwa haraka yako.

Bosi wako akitajwa, ripoti isipitie kwake. Ipeleke kwa kamati ya ukaguzi au chombo cha kupambana na rushwa, usainiwe kuwa imepokelewa. Ibara ya 33 ya Mkataba wa Umoja wa Mataifa Dhidi ya Rushwa wa 2003 inazitaka nchi wanachama zifikirie kumlinda anayetoa taarifa kwa nia njema na kwa sababu za msingi. Kinga yenyewe imo katika sheria ya nchi yako, hivyo isome kabla hujawasilisha: inamtambua nani kuwa mpokeaji halali, na lini unapoteza ulinzi huo.