Jibu: Bili ya maji imeruka hadi yuniti 30, tuko watu wanne tu

Mkuu, kwanza tupige hesabu. Yuniti 1 ni lita 1,000, yaani ndoo 50 za lita 20. Yuniti 30 kwa mwezi ni ndoo 50 kila siku ya Mungu! Watu wanne hapo Nyegezi, bila bustani wala gari la kuosha? Maji yanapotelea mahali.

Usiku hakikisha simtanki limejaa (likiwa linajaza litakudanganya), funga koki zote ila ya kwenye mita iache wazi, kisha usome mita. Tarakimu nyeusi ndizo yuniti kamili, nyekundu ni vipande vya yuniti. Asubuhi soma tena kabla mtu hajanawa. Namba ikiwa imesogea, kuna uvujaji.

Mimi ningeanza kushuku choo cha kuflashi, maana kinavuja kimyakimya. Tia rangi ya chakula kwenye tenki lake, usiflashi kwa nusu saa. Rangi ikitokea kwenye sinki la choo, mpira wa chini umechakaa, ubadilishe. Kisha panda ukague boya la simtanki. Maji yakija usiku kwa presha nanyi mmelala, boya bovu linamwaga mpaka alfajiri.

Pia linganisha namba ya kwenye mita na iliyoandikwa kwenye bili, huenda walikadiria. Zikipishana, piga picha upeleke MWAUWASA, mamlaka ya maji ya Mwanza. Ila bomba likipasuka baada ya mita, kuelekea ndani kwako, fundi unamlipa mwenyewe.