Likizo Nairobi na mbwa wako: tembeeni kwanza, mketi baadaye

Watu wakipanga kuonana kwa mara ya kwanza na marafiki waliojuana nao mtandaoni, swali la kwanza huwa ni la meza: tukutane mkahawa gani, chai ni bei gani, kuna mahali pa kuegesha? Kama unakuja Nairobi likizoni na mbwa, ulizia kwanza njia ya kutembea. Meza itafuata.

Mimi ni mtu wa Nakuru. Nikipata likizo huja Nairobi na Bosco, mbwa wa kienyeji mwenye miguu mirefu na woga kidogo, na hapo nimeonana ana kwa ana na watu niliokuwa nikiwajua kwa sauti na picha tu, kwenye kikundi cha WhatsApp cha wafugaji wa mbwa. Humo tumeshauriana kuhusu minyoo, chakula, na mbwa anayebweka usiku kucha hadi majirani wanakuja juu. Kuonana nao ni furaha kubwa, na natamani nawe uipate bila mbwa wako kuteseka na bila rafiki yako kujuta kuja.

Sababu ya kusisitiza kutembea ni hii. Ukiwaweka mbwa wawili wasiojuana chini ya meza moja, pua kwa pua, kamba zimekazwa, hawana pa kukimbilia, unawatafutia ugomvi. Wakitembea sambamba wanazoeana taratibu. Anzeni mkiwa mbali, watu katikati na mbwa pande za nje, wote mkielekea upande mmoja kwa mwendo mmoja. Msiwakutanishe uso kwa uso. Baada ya muda utaona mwili wa mbwa umelegea, ameanza kunusa nyasi badala ya kumkodolea mwenzake macho. Hapo ndipo msogeleane. Mbwa akigeuza kichwa pembeni, au akijilamba mdomo ilhali hakuna chakula, anakuambia bado. Msikilize.

Na sisi watu tunafaidika vilevile. Rafiki mliyeandikiana mwaka mzima anaweza kuwa na haya mkikaa mkitazamana. Mkitembea bega kwa bega, kimya hakimuumizi mtu. Kuna mti wa kuonyeshana, kuna mbwa wa kusemesha, na mazungumzo yanakuja yenyewe.

Kwa Nairobi, mahali ninapopapenda kuliko pote kwa jambo hili ni Msitu wa Karura. Mbwa wanaruhusiwa mradi wawe kwenye kamba. Ni msitu wa hekta zaidi ya 1,000 ndani ya jiji, wenye njia za kutembea, kukimbia na kuendesha baiskeli, maporomoko ya maji, na mapango ambayo wapiganaji wa Mau Mau walijifichamo. Tena tuseme wazi kwamba msitu huu tuliachiwa kwa jasho na damu. Januari 1999 Profesa Wangari Maathai na wenzake walishambuliwa na kujeruhiwa walipokwenda kupanda miti pale, wakipinga ardhi ya msitu kugawiwa wajenzi. Namshukuru mama yule kila nikimfungulia Bosco mlango wa gari, kwa sababu bila yeye leo pangekuwa na majumba na kuta, na sisi wenye mbwa tungekuwa tunazunguka barabarani.

Msitu una mageti kadhaa, na yako mbali mbali. Mtu akikuambia "tukutane Karura getini," bado hajakuambia kitu. Geti la Barabara ya Limuru na lile la Sharks, upande wa Barabara ya Kiambu, ni safari mbili tofauti kabisa ukiwa ndani ya foleni ya Nairobi. Taja geti kwa jina, tuma ramani, na hakikisha kila mmoja amejibu. Malipo ya kuingia ni ya simu, kwa hiyo weka pesa kwenye M-Pesa na uchaji simu kabla ya kutoka.

Kamba nayo usiifanyie mzaha. Karura kuna kima, mbega, na paa wadogo wanaochomoka kichakani bila taarifa. Bosco alipomwona kima akishuka mtini kwa mara ya kwanza, alikaza miguu yote minne, nywele za mgongoni zikasimama, kisha akavuta ghafla hadi kamba ikanikwaruza kiganja. Kama angekuwa huru angepotelea msituni, au angemrarua mnyama asiye na hatia. Kamba fupi imara, ya mita mbili hivi, ndiyo inayofaa. Zile zinazojivuta na kurefuka zenyewe ziache nyumbani, kwa sababu mwendesha baiskeli akitokea kwenye kona, mita tano za uzi zikiwa zimekatiza njia, mtaumizana.

Usifikirie kabisa kumpeleka mbwa Mbuga ya Taifa ya Nairobi, hata kama mgeni wako anatamani kuona simba. Mbuga zinazosimamiwa na KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, haziruhusu mbwa wa kufugwa, na ni haki: magonjwa ya mbwa huwaua wanyamapori, na harufu yake tu inatosha kuwasumbua. Kama mna hamu ya mbuga, pangeni siku nyingine, mbwa abaki kwa mtu mnayemwamini. Na hapo sisemi abaki ndani ya gari. Jua la Nairobi ni kali hata siku yenye baridi, na gari lililofungwa hugeuka tanuri upesi mno.

Sasa meza. Mkishatembea, mnataka kukaa, kula na kucheka. Ndani ya Karura kuna River Cafe, na mjini kuna mikahawa mingi yenye meza za nje, lakini usiende popote bila kupiga simu siku hiyohiyo. Sheria za mbwa hubadilika kulingana na meneja wa zamu. Tuliwahi kuambiwa na mkahawa mmoja kwa simu, "Karibuni tu, leteni mbwa," kisha tulipofika, askari wa getini akakataa katakata, mgeni wetu kutoka Kisumu akabaki amesimama juani na mfuko wa zawadi mkononi. Iliniuma. Tangu hapo naomba jina la niliyezungumza naye na ujumbe mfupi wa kuthibitisha, ili nikifika niwe na cha kuonyesha. Nauliza pia meza iko wapi hasa, kwa sababu "nje" kwa wengine ni baraza lenye viti vilivyobanana. Unataka meza ya pembeni, ukutani au penye ua, mbwa alale upande ambao wahudumu hawapiti na trei. Saa nne asubuhi ni saa nzuri: wa kiamsha kinywa wameondoka, wa chakula cha mchana hawajafika.

Askari wa getini usimchukie. Nairobi, mbwa kwa watu wengi ni yule aliyeandikwa kwenye geti, "Mbwa Mkali". Amefungiwa mchana, anafunguliwa usiku, na kazi yake ni kuuma. Mtu aliyekulia hivyo akimwona mbwa ameketi chini ya meza, moyo unamruka, na ana sababu. Kichaa cha mbwa bado kinaua watu Kenya, na serikali ilijiwekea lengo la kukitokomeza kufikia 2030. Kwa hiyo ukifika getini, simama mbali kidogo, msalimie askari kwa heshima, mfupishe mbwa kamba na umketishe kabla hujaanza kuomba chochote. Tembea na kadi ya chanjo. Nimewahi kuona uso wa mlinzi ukilainika alipoisoma tarehe ya chanjo mwenyewe.

Kuna jambo lililo karibu sana na moyo wangu, nalo ni rafiki asiyetaka kuguswa na mbwa. Kikundi kikiwa cha wapenda mbwa si kila anayekuja ni wa kikundi. Watu huja na dada zao, mabinamu, wachumba. Muulize kila mmoja mapema, faraghani, si mbele za watu. Rafiki yangu mmoja alikuja na shemeji yake kutoka Mombasa, mwanamke wa Kiislamu aliyevaa buibui na viatu vyepesi. Alinieleza kwa upole kwamba mbwa hamchukii, ila mate na majimaji ya mbwa kwake ni najisi, na yakimgusa itabidi aoshe mara saba, mojawapo kwa udongo, ndipo aswali. Kikavu kwa kikavu hakina neno, akasema. Wafuasi wa madhehebu ya Shafii, ambao ndio wengi pwani, ndivyo wanavyofundishwa. Basi tulisubiri umande ukauke kabla ya kuanza kutembea, Bosco akawa upande wangu wa kushoto na yeye kulia kwa rafiki yangu, na nikabeba taulo ya kumpangusa mbwa mdomo kila alipokunywa maji. Mezani aliketi upande wa mbali na mbwa. Alikaa nasi hadi karibu adhuhuri, akatusimulia habari za paka wa Mji wa Kale. Kama ningemcheka, au nikamwambia "haumi huyu," angeondoka, na angekuwa na haki.

Maneno hayo, "haumi huyu," yaondoe kabisa kinywani. Anayeogopa hahitaji ahadi, anahitaji nafasi.

Na usalama wako wewe? Marafiki wa mtandaoni wengi ni watu wazuri, nami nimepata ndugu humo. Lakini usikubali mkutano wa kwanza uwe nyumbani kwa mtu au kwenye nyumba ya kukodi kwa siku, hata akikuambia ana uwanja mkubwa wa mbwa kukimbia. Mbwa ni kisingizio kinacholainisha moyo haraka. Januari 2024 wanawake walijaa barabarani Nairobi na miji mingine ya Kenya kulaani mauaji ya wanawake, na baadhi ya waliouawa walikutwa katika nyumba za kukodi kwa muda mfupi. Sisemi haya kukutisha. Nasema ili ukisita kukataa mwaliko, usione haya. Jibu ni rahisi: "Asante sana, lakini mara ya kwanza tutatembea Karura, asubuhi." Mwenye nia njema hatakasirika. Mwachie mtu wa nyumbani jina la geti na saa utakayorudi, na usimpe mtu mgeni kamba ya mbwa wako akashike huku ukienda msalani. Nenda na mbwa, au subiri mwenzenu mnayefahamiana.

Usafiri wa teksi ya simu: mpigie dereva kabla hajafika, mwambie una mbwa wa ukubwa gani, na uwe na shuka la kutandika kiti. Akikataa, mwache aende. Matatu sikushauri, hasa asubuhi na jioni.

Beba maji na bakuli. Mito ya Nairobi hubeba uchafu wa mitaani, hata ile inayopita katikati ya miti mizuri, kwa hiyo mbwa asinywe humo. Kinyesi uokote, na hapa wageni hushangaa: mifuko ya plastiki ya kubebea vitu imepigwa marufuku Kenya tangu Agosti 2017, na tangu Juni 2020 plastiki za kutumika mara moja haziruhusiwi mbugani wala msituni, ikiwemo chupa za maji. Mimi hubeba gazeti kuukuu na mifuko ya karatasi ya kaki, na maji nayatia kwenye chupa ya chuma.

Mkitoka msituni, mkague mbwa kupe kabla hajapanda gari: ndani ya masikio, katikati ya vidole, makwapani, chini ya mkia. Pitisha vidole taratibu kinyume na nywele; kupe mdogo unamhisi kabla ya kumwona. Mng'oe kwa kibano karibu na ngozi, usimpondeponde. Kisha mwangalie mbwa kwa wiki chache zinazofuata, hata likizo ikiwa imekwisha. Akikataa chakula, akiwa na joto, ufizi ukiwa mweupe, usingoje. Homa ya kupe inatibika ikiwahiwa. Na kama mtu ameng'atwa, hata mkwaruzo mdogo tu, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha hospitali siku hiyohiyo, mbwa awe amechanjwa au la. Daktari ndiye ataamua.

Miezi nayo ina tofauti. Julai Nairobi ni baridi, wa pwani waambie waje na sweta. Aprili na Novemba mvua hugeuza njia za msitu kuwa tope. Januari na Februari anzeni mapema, maana saa sita lami huchoma nyayo za mbwa. Weka kiganja chako juu yake, ukishindwa kukiacha hapo, naye hawezi kuipita.

Siku moja kabla, ninatuma kwa kikundi ujumbe mmoja tu, wenye kila kitu, ili asubuhi pasiwe na kuulizana. Wa mwisho ulikuwa hivi, unaweza kuuchukua ukaubadilisha uwe wako:

"Jumatano saa tatu asubuhi, geti la Sharks, Barabara ya Kiambu, ramani nimetuma. Bosco ni dume, amehasiwa, amechanjwa, anaogopa mbwa wakubwa, kwa hiyo tuanze mbali mbali. Tutatembea saa moja, kisha chai. Mkahawa nitaupigia simu asubuhi. Anayekuja na mtu asiyependa kuguswa na mbwa aniambie leo kwa ujumbe wa faragha. Mvua ikinyesha, tutaonana Alhamisi, geti lilelile, saa ileile."