Kabla ya Kuchagua Kuvu, Pima Maji

Trei yangu ya kwanza ilioza. Ili kupata vimeng'enya, yaani protini zinazovunjavunja vitu kama wanga, nilipanda kuvu ya Aspergillus niger kwenye pumba za ngano, nikazilowesha chapachapa. Siku ya pili nilipofunua, harufu kali ya amonia ilinipiga usoni na pumba zilikuwa uji unaonata. Bakteria walishatangulia.

Ndiyo maana anayeniuliza namna ya kupata vimeng'enya kutokana na mabaki ya shambani, namwambia aanze na maji. Unyevu wa asilimia 55 hadi 65 huacha hewa ipite katikati ya chembe. Chota konzi moja, ikaze kiganjani. Ikishikamana kama tonge na mkono ukabaki na ubichi tu, inafaa. Ikichuruzika, ongeza pumba kavu kabla ya kuchemsha kwa mvuke wa presha, nyuzi 121 kwa dakika 20. Iache ipoe kabisa ndipo upande.

Kisha kuna joto. Kuvu ikikolea hutoa joto jingi, na pumba hazilipitishi. Nilipotandaza unene wa kiganja, katikati palikufa ilhali pembeni pamestawi vizuri. Sasa sizidishi sentimita 3, na huchanganya magunzi ya mahindi yaliyovunjwavunjwa ili pumba zisigandamane.

Hayo magunzi yana kazi nyingine pia. Kuvu hutoa kimeng'enya cha kumeng'enya kile ilichopewa: wanga wa pumba huiamsha itoe amilesi, kimeng'enya cha kuvunja wanga; magunzi na makapi ya miwa huivuta kwenye selulesi na zailanesi, vimeng'enya vya kuvunja nyuzi ngumu za mimea. Pumba hizihizi ndizo alizotumia Jokichi Takamine, Mjapani aliyepata hataza (haki ya uvumbuzi) ya amilesi ya kuvu huko Marekani mwaka 1894, kwa hiyo usizidharau.

Mimi huvuna siku ya tatu au ya nne, kabla trei haijawa nyeusi tii. Vumbi lile jeusi ni spora, yaani chembe ambazo kuvu huzaliana kwazo. Tafadhali vaa barakoa, mapafu hayana spea. Na ukiona rangi ya kijani-manjano usiyoipanda, choma trei nzima, kwani huenda ni kuvu inayotoa sumukuvu (aflatoksini).

Loweka mavuno kwenye maji safi kwa saa moja, chuja kwa kitambaa, weka penye baridi. Kujua kama amilesi imo, tia matone ya maji hayo kwenye uji mwepesi wa wanga wa vuguvugu. Kila baada ya dakika chache chota kidogo, dondoshea iodini. Mwanzoni utaona buluu nzito, halafu zambarau, halafu hudhurungi, mpaka ibaki manjano ya iodini yenyewe.